Mabasi ya Michezo, Kampuni za Kigeni na Akiba ya Kikundi



Tangu mashindano ya CHAN yaishe Agosti 2025, maneno yamekuwa mengi katika fuo zetu kuhusu pesa zinazokuja na mpira. Ati mwaka 2027 wageni watajaa Nairobi, barabara zitajengwa, mabasi mapya yataletwa, na kampuni za nje zinatafuta watu wa kufanya nao kazi. Mengine katika hayo ni kweli. Mengine yanasemwa na watu wanaotaka pesa zenu.

Tunaandika makala haya kwa sababu ya kikundi kimoja cha akina mama wa omena hapa Rusinga. Hatutakitaja jina, maana wanachama wenyewe wametuomba hivyo. Walijiwa na bwana mmoja aliyevuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno, amevaa vizuri, na picha za basi refu la kisasa kwenye simu yake. Alisema yeye ni wakala wa kampuni ya ng'ambo itakayoleta mabasi ya kubebea mashabiki wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Kampuni hiyo, alisema, inataka "washirika wa mashinani". Kila kikundi kikilipa shilingi 40,000 za kuandikishwa, kitapata hisa katika mabasi na kula faida kila mwezi.

Kikundi kilikuwa na shilingi 112,000, akiba ya miaka miwili ya kujenga chanja za kuanikia omena. Mkutano ulichukua saa tatu na nusu. Wengi walitaka kulipa. Mweka hazina akakataa kutoa ufunguo wa sanduku. Mwishowe wakaja ofisini kwetu watu watano, mwenyekiti akasema: "Tuelezeni kwanza hiyo biashara inaendaje. Kuamua tutaamua wenyewe."

Basi haya ndiyo maelezo tuliyowapa, pamoja na mengine tuliyoyakumbuka walipokwisha ondoka.

KWA NINI MPIRA HUVUTA KAMPUNI ZA NJE

Barabara ya kawaida ikichelewa miaka mitatu, sisi wananchi tunalalamika na maisha yanaendelea. Mechi ya ufunguzi haingoji hivyo. Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, liliipa Kenya, Uganda na Tanzania michezo ya 2027 siku ya 27 Septemba 2023. Tangu siku hiyo serikali zote tatu zikawa kama mwenye nyumba aliyekwisha alika wageni kabla ya kuezeka paa. Mtu wa namna hiyo hatafuti fundi wa bei nafuu zaidi. Anamtafuta aliye na mashine tayari, watu tayari, na kama inawezekana pesa pia.

Mara nyingi huyo anatoka nje. Uwanja wa Talanta kando ya barabara ya Ngong, Nairobi, wenye viti 60,000, ulianza kujengwa Machi 2024 na kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Uganda iliwapa Waturuki wa kampuni ya Summa kazi ya uwanja wa Hoima. Tanzania nayo iliwapa Wachina uwanja wa Arusha.

Lakini uwanja peke yake ni nusu ya kazi. Watu 60,000 lazima wafike, na lazima watoke usiku mechi ikiisha. Hapo ndipo kampuni za barabara, reli na mabasi huingia. Wanajua kwamba nchi iliyoahidi michezo itasaini upesi, na mwenye haraka hapati nafasi ya kuvutana bei.

Hata hivyo msidhani kila kinachotangazwa kwa ajili ya michezo hufuata kalenda ya michezo. Uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa msaada wa China, na mwaka 1987 ukatumiwa kwa Michezo ya Afrika Nzima. Barabara kubwa ya Thika inayopita karibu nao, ile ya njia nane, ilijengwa kati ya 2009 na 2012 na kampuni tatu za China, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya China. Kutoka uwanja mpaka barabara hiyo ni miaka 25. Na mwaka 2018 barabara hiyo hiyo ilichorwa mistari ya rangi nyekundu, wananchi wakaambiwa hii ndiyo njia ya mabasi yaendayo kasi. Mistari ikafifia kabla ya basi lolote la mradi huo kuonekana.

Tulipowaeleza akina mama jambo hilo walicheka sana. Lakini mmoja akauliza: "Kwani aliyepaka rangi hakulipwa?" Hilo ndilo swali lenyewe, na tutalirudia.

KAMPUNI YA NJE HULA WAPI

Wengi wetu tunafikiri kampuni ya kigeni ni moja, inakuja na kila kitu. Sivyo. Kuna anayejenga, kuna anayeuza magari, na kuna anayeendesha huduma. Wakati mwingine ni mtu mmoja mwenye kofia tatu, lakini faida ya kila kofia ni tofauti.

Anayejenga hulipwa kwa kazi, halafu anafunga kambi na kwenda zake. Mara nyingi nchi iliyotoa mkopo huweka sharti kwamba mkandarasi awe wa kwao, na baadhi ya vifaa vinunuliwe kwao. Mikopo mingi ya China ya barabara na reli iko hivyo, na Japani nayo ina mikopo ya aina hiyo. Kwa hivyo pesa huandikwa kwamba zimekuja Kenya, lakini sehemu yake kubwa inarudi ilikotoka kabla hata ya vumbi kutulia. Deni ndilo linalobaki.

Anayeuza magari naye hula mara mbili. Anauza basi leo, halafu anauza vipuri kwa miaka kumi. Wazee wetu wanayakumbuka mabasi ya Nyayo yaliyoanza 1986. Yalipendwa sana, lakini kufika katikati ya miaka ya 1990 huduma ilikuwa imekufa. Basi ni kama injini ya mtumbwi. Kuinunua ni siku moja, kuitunza ni kila siku.

Wa tatu, anayeendesha, ndiye mnayepaswa kumwelewa vizuri, kwa sababu hisa alizozitaja yule bwana zingekuwa kwake. Huyu huweka pesa zake kwanza, halafu huruhusiwa kukusanya nauli au ada kwa miaka mingi mpaka zirudi na faida juu. Barabara ya juu ya Nairobi, Expressway, iko hivyo. Ina kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ilianza kutumiwa Mei 2022, na kampuni ya Moja Expressway, iliyo chini ya Wachina walioijenga, ina haki ya kukusanya ada kwa miaka 27. Mtoto aliyezaliwa siku ilipofunguliwa atakuwa mtu mzima mwenye watoto kabla haijarudi mkononi mwa serikali.

Hapa kwetu biashara ya namna hii si ngeni. Wavuvi wa Mbita watakumbuka kwamba mwaka 2008 Osram, kampuni ya taa ya Ujerumani, ilifungua kituo cha kukodisha taa za umeme wa jua badala ya karabai za mafuta ya taa. Mvuvi hakuuziwa taa. Aliweka dhamana, akachukua taa jioni, akairudisha asubuhi ikachajiwe, akalipia usiku mmoja. Walioipenda waliona wameachana na bei ya mafuta ya taa. Ambao hawakuipenda waliona dhamana ni nzito. Lakini wote walijua taa ni ya nani. Si ya mvuvi.

Sasa chukueni taa hiyo muifanye basi. Kampuni kama BasiGo ya Nairobi huyaunganisha hapa Kenya mabasi ya umeme ambayo sehemu zake kubwa hutoka China, na mwenye matatu anaweza kulipa kwa kila kilomita anayokwenda badala ya kulipa bei yote siku ya kwanza. Mpango wa kweli wa hisa za mabasi basi huwa na majibu kwa maswali mepesi: gari ni la nani, betri ni ya nani, nani analipa likiharibika, na mkataba ukiisha gari linabaki wapi. Akina mama walikiri kwamba hawakumuuliza yule bwana hata moja.

MTU WA METRO WA DOHA

Tuende mbali kidogo. Kombe la Dunia la 2022 lilichezwa Qatar. Nchi hiyo ilijenga reli ya mjini katika jiji la Doha, ikafunguliwa Mei 2019, miaka mitatu na zaidi kabla ya mechi ya kwanza. Treni zilitengenezwa Japani. Uendeshaji ukapewa kampuni ya pamoja ambayo ndani yake wamo Wafaransa wawili wakubwa wa usafiri, Keolis na RATP. Mwenye mali ni Qatar, ambayo ilikuwa na pesa zake mwenyewe na kwa hivyo ingeweza kuchagua.

Mwafrika Mashariki alikuwa wapi katika kazi hiyo? Alikuwapo, na dunia nzima ilimwona. Ni kijana Mkenya, Abubakr Abbass, aliyekaa juu ya kiti kirefu na kipaza sauti, akiwaelekeza mashabiki njia ya kwenda kituo cha treni kwa kuimba neno "metro". Watu walimpenda mpaka akaalikwa uwanjani siku ya mechi ya Uingereza na Marekani. Sisi pia tulifurahi. Lakini angalieni ngazi ilivyopangwa: juu mwenye mali, chini yake mwenye treni, chini yake mwendeshaji, na mwisho kabisa kijana wetu na kipaza sauti, kwa mshahara wa mwezi.

Hatumdharau. Mshahara halali ni mshahara. Wakenya wengi walipata kazi Ghuba miaka hiyo, za udereva, ulinzi na hoteli. Wengi pia waliuza ng'ombe au shamba kumlipa wakala kabla ya kuondoka, na wakafanya kazi miezi mingi kulipa tu deni la safari. Kwa hivyo kijana wenu akiambiwa kuna kazi ya usafiri wa michezo katika nchi nyingine, mwambieni aulize kwanza katika Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kama wakala huyo ana leseni.

WENYE TAXI WA JOHANNESBURG

Mfano tunaoupenda zaidi ni wa Afrika Kusini, na tunaomba mvumilie tukieleza kwa urefu. Unaonyesha kwamba watu wadogo wanaweza kuingia katika biashara hii, na pia unaonyesha gharama yake.

Kombe la Dunia la 2010 lilipokaribia, Afrika Kusini ilijenga vitu viwili katika eneo la Johannesburg. Kimoja ni Gautrain, treni ya kasi ya kilomita 80. Wajenzi wakubwa walikuwa Bombardier ya Canada na Bouygues ya Ufaransa pamoja na kampuni za Afrika Kusini. Sehemu ya kutoka uwanja wa ndege ilifunguliwa 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya mechi ya kwanza. Hapo mtu wa kawaida hakuwa na lake, ila kupanda kama ana nauli.

Kingine ni mabasi ya Rea Vaya, yaliyoanza kutoka Soweto 30 Agosti 2009. Magari yalikuwa ya Scania ya Sweden. Njia hizo zilikuwa za taxi, ambazo ni sawa na matatu zetu. Wenye taxi waliona riziki yao inakwenda. Kukawa na migomo, na siku chache tu baada ya kuanza basi moja likapigwa risasi Soweto. Wengine wangesema basi, tumeshindwa, tuwaachie wageni. Lakini vyama vya wenye taxi viliingia katika mazungumzo na serikali ya jiji, kwa muda mrefu, na wanasheria wao wakiwa mezani. Mwishowe walikubali kuondoa taxi 585 barabarani, na wenye taxi hizo, zaidi ya watu 300, wakawa wenye hisa katika kampuni mpya, PioTrans, yenye mkataba wa miaka 12 wa kuendesha mabasi hayo.

Angalieni tarehe. Kombe la Dunia liliisha Julai 2010. Kampuni ya wenye taxi ilikabidhiwa mabasi Februari 2011. Michezo ilipita, wageni wakarudi kwao, na wenyeji bado walikuwa hawajashika kitu. Angekuja mtu kuwaambia "lipeni leo, michezo inakaribia", angewadanganya, maana mapatano ya kweli hayakufuata haraka ya michezo.

Tena angalieni walivyoingia. Hawakulipa ada ya kuandikishwa kwa mgeni mwenye simu. Walikuwa na kitu ambacho jiji lilikihitaji, yaani njia, abiria na magari, na wakakibadilisha kwa hisa zilizoandikwa. Kikundi cha omena cha Rusinga hakina njia ya matatu Nairobi. Hatusemi hivyo kuwavunja moyo. Tunasema mtu akikupa hisa bila kukuuliza unaleta nini isipokuwa pesa taslimu, basi pesa taslimu ndiyo biashara yake.

SHERIA YETU INASEMA NINI

Hapa Kenya kuna sheria nzuri, na mawakala wa uongo wanazijua, wanazitumia kama chambo. Kanuni za ujenzi za mwaka 2014 humtaka mkandarasi wa nje aahidi kwa maandishi kwamba atawapa wenyeji sehemu isiyopungua asilimia 30 ya thamani ya kazi. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 nayo inataka mgeni anayeshindania tenda anunue kwa Wakenya asilimia 40 ya vifaa. Tena kuna AGPO, yaani asilimia 30 ya tenda za serikali kutengewa vijana, akina mama na watu wenye ulemavu.

Yule bwana aliwatajia asilimia 30. Ni kweli ipo. Lakini "mwenyeji" anayepata sehemu hiyo kwa mkandarasi wa nje kwa kawaida ni kampuni ya ujenzi ya Nairobi yenye matrekta na wahandisi, au mwenye kiwanda cha simiti na vyuma. Haigawanywi kwa vikundi kama mbegu. Na AGPO haiuzwi na wakala. Cheti hutolewa na Hazina ya Taifa bila malipo, kwa biashara iliyosajiliwa yenye namba ya kodi na cheti cha kutimiza kodi. Ukiombwa hata shilingi mia tano kupata cheti hicho, simama hapo hapo.

Na hata ukishinda tenda kwa haki, jitayarishe kungoja. Wenye maduka na vifaa waliouzia serikali wanajua uchungu wa madeni yasiyolipwa. Wakandarasi wa barabara walidai mabilioni mpaka mwaka 2025, serikali ilipochukua mkopo wa shilingi bilioni 175 kuanza kuwalipa, na mkopo huo unalipwa kwa shilingi 7 kutoka kila lita ya mafuta ya gari. Hapo msidhani hayawahusu. Tangu Julai 2024 ushuru wa barabara ni shilingi 25 kwa lita, na pampu haiulizi kama petroli inakwenda kwenye lori au kwenye injini ya mtumbwi. Mvuvi wa Rusinga anayewasha injini saa tisa usiku kwenda kuvua analipia barabara ambazo mtumbwi wake hautapita kamwe. Kwa hivyo mkiambiwa mradi wa michezo hauwahusu watu wa kisiwani, kataeni. Unawahusu tayari, upande wa kulipa.

Uwanja wa Talanta nao unajengwa kwa pesa zilizokopwa. Julai 2025 hati za deni la shilingi bilioni 44.79 ziliorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi, kwa faida ya karibu asilimia 15 kwa mwaka kwa wenye kukopesha. Walionunua ni mabenki, mifuko ya pensheni na wengine wa aina hiyo. Hao wameandikiwa watalipwa lini na kiasi gani. Wale mama watano hawakuwa na karatasi yoyote mkononi ila kadi yenye namba ya simu.

KUNA LOLOTE LETU BASI?

Lipo, ila ni dogo kuliko mlivyoambiwa. Mkandarasi yeyote, Mchina au Mturuki, anahitaji mafundi wa kufunga vyuma, waashi, wachomeleaji na madereva wa mitambo. Vijana wetu wengi wanaijua kazi lakini hawana karatasi. Mtihani wa ufundi wa NITA una ngazi tatu, na aliye na cheti halipwi sawa na asiye nacho kwenye kambi ya ujenzi. Tunajua kikundi kimoja Mbita kilichowalipia vijana wawili ada ya mtihani wa uashi kwa mkopo, warudishe kidogo kidogo. Wote wawili wamekwisha rudisha.

Na si lazima iwe Nairobi. Sherehe za Madaraka za 1 Juni 2025 zilifanyika Homa Bay, katika uwanja wa Raila Odinga, na kabla ya siku hiyo mji mzima ulikuwa na kazi ya ujenzi na barabara. Waliofaidika upesi ni wale waliokuwa tayari wana kitu cha kuuza: mchanga, kokoto, chakula cha wafanyakazi, vyumba vya kulala. Hakuna aliyehitaji hisa. Hata samaki ni hivyo hivyo, ingawa hapo tuna ushindani wa kuchekesha na kuudhi, kwa maana nchi inayotujengea barabara ndiyo inayoleta Nairobi samaki wa barafu. Hoteli itakayopokea wageni 2027 itauliza bei, usafi na uhakika wa kila siku. Haitauliza samaki amezaliwa wapi.

Jambo moja zaidi kabla hatujasahau. Michezo huweza kuondolewa. Septemba 2017 CAF iliinyang'anya Kenya CHAN ya 2018 kwa kuchelewa kujitayarisha, ikaipa Morocco. Na Kombe la Mataifa la 1996 lilikuwa lichezwe Kenya, likachezewa Afrika Kusini. Safari hii viwanja vinaonekana kwa macho, na CHAN ya 2025 ilichezwa mpaka fainali Kasarani. Lakini aliyefunga ng'ombe wake kwenye kamba ya michezo ajue kamba hiyo imewahi kukatika mara mbili.

WALIVYOAMUA

Akina mama walirudi nyumbani na maswali manne yaliyoandikwa na katibu katika daftari la kumbukumbu. Jina kamili la kampuni kama lilivyosajiliwa ni lipi, ili tuombe msajili orodha ya wakurugenzi wake? Ni tenda namba ngapi, na ilitangazwa gazeti gani au katika tovuti ya tenda za serikali? Gari litaandikwa kwa jina la nani? Pesa zetu zitakaa katika akaunti gani, na nani atatia sahihi pamoja nasi?

Mwenyekiti akampigia yule bwana mbele ya wanachama wote, simu ikiwa imefunguliwa sauti. Swali la kwanza alitaja jina la kampuni. La pili akasema mambo ya tenda ni siri ya ofisi. Alipofika la tatu akasema vikundi vya Mfangano vimekwisha lipa, nafasi zinaisha Ijumaa, na kwamba yeye hana wakati wa kufundisha watu. Jina alilolitaja tulilitafuta kwa msajili wa kampuni kupitia eCitizen. Halikuwapo.

Walituma mtu Mfangano kuuliza. Vikundi viwili kweli vilikuwa vimelipa. Wameandika taarifa kwa polisi Mbita, na tunawasaidia kukusanya ujumbe wa simu na risiti za M-Pesa. Kama yupo mwingine aliyelipa, hapa Rusinga au upande wa Migori, alete karatasi zake ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya saa saba mchana. Hata ujumbe mmoja wa simu unasaidia.

Chanja za omena zimejengwa, nane kwa jumla, na zimebakia shilingi 9,400 sandukuni. Wanachama wawili bado wanaamini kwamba sisi ndio tuliowanyima basi.